Simu Haikunipa Mgongo

Niseme wazi tangu mwanzo, kwa sababu hapa Butembo waongeza chumvi ni wengi kuliko mafundi wa pikipiki: mimi Bénite sikumwibia mtu kitu. Nilijifunza gitaa kwenye simu. Anayetaka kukasirika atafute kiti kwanza, maana nina mengi ya kusema.

Nauza vipuri vya pikipiki katika duka la shangazi yangu Emérence, mtaa wa Mususa. Vita ilipofika kwetu Luofu tulikimbia na vitu vya kubebeka tu, na mimi nilibeba gitaa la marehemu baba, nimelifunga mgongoni kwa kitenge. Wanawake njiani waliniuliza mtoto ana miezi mingapi. Baba alikuwa mkulima wa maharagwe, gitaa alilipiga Jumapili mchana, na alifariki kabla hajanionyesha hata pa kuweka kidole. Nyuzi zilizokatika nilizirudishia mwenyewe kwa kuchambua waya wa klachi, kwa sababu waya wa klachi dukani kwetu haukosekani.

Katika kanisa letu la Mususa, gitaa la kwaya lina mwenyewe. Anaitwa Papa Manassé, na mji mzima humwita Maestro. Ni maestro kweli, sitaki kumpunguzia. Anapoanza ule utangulizi wake wa wimbo wa matoleo, bibi zetu wanatikisa mabega kabla ngoma haijagonga. Mimi mwenyewe mara ya kwanza kuusikia nililia, nikasingizia vumbi.

Lakini Papa Manassé hupiga akiwa amewapa watu mgongo. Wageni hudhani anasali. Hasali, anaficha vidole. Ndivyo wapiga gitaa wa zamani walivyofanya, naye amerithi hivyo: uso ukutani, mgongo kwa waumini, ili mtu asije akaona mkono wa kushoto unakanyaga wapi. Ukitaka akufundishe, unabeba kipaza sauti chake miaka, unaosha pikipiki yake, unaleta beberu, halafu siku akiamka vizuri anakuonyesha kitu kimoja na nusu. Na hiyo ni kama u mwanamume. Mwanamke hata hicho kipaza sauti haruhusiwi kukibeba.

Nilimwomba. Nilimfuata baada ya ibada, kwa heshima zote, magoti nimeyakunja.

"Papa, niko na gitare ya baba yangu. Unaweza kunifundisha?"

"Binti, weye uko na sauti muzuri," alisema huku akifunga begi lake. "Banamuke banaimbaka. Hii kazi ya vidole haiko yenu."

Na kabla sijajibu alikuwa amekwisha kugeuka. Mgongo ule ule. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa na hasira hata nikapita duka letu bila kuliona.

Basi nikaenda kwa Sadrack, yule anayechaji simu za watu karibu na barabara, mwenye mtandao unaokimbia asubuhi kabla mji haujaamka. Nikapakua video za masomo ya gitaa. Mwalimu niliyempenda ni bwana mnene wa nchi ya mbali, anafundishia jikoni kwake, sufuria zinaning'inia nyuma yake na paka anapita anapotaka. Lugha yake sikuijua hata neno. Nikampa jina la Papa Jikoni. Haikuwa shida: vidole havina lugha, na alikuwa anasogea karibu kabisa, anainua kidole, anakionyesha, anakiweka, anapiga, anakitoa, anakirudisha.

Wale wanaosema simu haifundishi waniambie ni mwalimu gani wa Butembo ningemrudisha nyuma mara mia asinune. Papa Jikoni nilimsimamisha mkono ukiwa hewani nikaenda kumuuzia mteja boliti, nikarudi, nikamkuta anangoja vile vile na tabasamu lake. Nilimpunguza mwendo hadi akawa anatembea kama mlevi. Sikumbebea kitu. Hakuniuliza mimi ni mwanamke wa nani. Na zaidi ya yote alinielekezea uso.

Katika masomo yake nilijifunza pia kupunguza mwendo wa sauti ya wimbo wowote, kukata kipande kidogo na kukirudia hadi sikio likishike. Hapo nikauchukua utangulizi wa Papa Manassé. Nilikuwa nimeurekodi kanisani, simu mfukoni, kama wanavyorekodi wote. Kipande kwa kipande, dukani, kati ya wateja, nikautafuta hadi nikaupata. Siku ulipotoka mzima, shangazi Emérence aliacha kuhesabu nati, akanyanyua kichwa.

"Bénite, Maestro amefika hapa?"

"Ni miye, tante."

"Uongo!" Akaja hadi mlangoni kuangalia barabarani.

Hapo nikajiona nimeiva. Alhamisi, siku ya mazoezi ya kwaya, nikaingia kanisani na gitaa langu kwenye kitenge. Rais wa kwaya yetu ni Papa Mathe, mtu mpole anayeuza mbao. Nikamwomba nipige kitu kidogo, asikie. Akakubali. Nikakaa, nikaliweka gitaa mapajani, na kabla sijagusa uzi kicheko kikapasuka. Walianza wapiga ngoma, wakafuata wasoprano wenzangu, hata yule mama anayesinzia kila Alhamisi akaamka kucheka.

Sikuelewa. Nikajitazama kama nguo imechanika. Papa Manassé ndiye aliyenielewesha, na alifanya hivyo polepole, akiifurahia kazi yake.

"Batoto, hapana cheka. Muangalie muzuri. Mutu anashikaka shingo ya gitare na mukono ya kushoto, anapiga na ya kuume. Huyu ameshika na ya kuume, anapiga na ya kushoto. Telefone imemuvalisha kiatu ya kushoto mu muguu ya kuume!"

Ilikuwa kweli. Mimi si wa mkono wa kushoto. Ugali, kalamu na spana nashika kwa kulia. Lakini Papa Jikoni alikuwa amekaa mbele yangu, uso kwa uso, na mimi nilimwangalia kama mtu anavyojiangalia kwenye kioo akichana nywele. Shingo ya gitaa lake ilikuwa upande wangu wa kulia, nami nikaielekeza kulia. Nyuzi nikazipanga upya zikae kama nilivyoziona. Miezi yote ile hapakuwa na mtu wa kuniambia, dada, yeye amekuelekea, kulia kwako ni kushoto kwake. Shangazi anajua nati na boliti. Video haikuniona. Hilo nalikubali na sitalificha: video inaonekana, haioni.

Lakini nilipiga. Kicheko kikiwa bado hakijaisha nilipiga utangulizi wa wimbo wa matoleo, wote, hadi mwisho, na kanisa likanyamaza. Uso wa Papa Manassé ulibadilika.

"Ile umeitosha wapi?"

"Nilisikia, Papa. Nikaifanya mwendo polepole mu telefone, nikaitafuta."

"Umeniiba."

"Na weye Papa, mwalimu wako alikufundisha yote?"

Swali hilo halikuwa la adabu, najua. Wazee wawili waliguna. Lakini yeye akajibu, kwa sababu ni hadithi anayoipenda.

"Mwalimu wangu? Nilimubebea gitare toka Kyondo mpaka Beni na miguu. Hakunionyesha kitu. Usiku alikuwa anapiga ndani ya nyumba, miye nalala inje chini ya dirisha, nasikiliza. Njo vile nilijua. Na maumivu!"

"Basi Papa, telefone njo dirisha yangu."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Papa Manassé akasimama. Akasema kwa kwaya nzima, kidole juu:

"Musikie bote. Telefone inafundisha batu kinyume, muko munaona na macho yenu. Huyu binti akipenda gitare mu hii chorale, ageuze ile kitu yake, aanze upya, abebe appareil yangu ya sauti sawa benzake. Sinon, kama hapendi, aimbe na banamuke. Siku nitaona mutu moja, moja tu, mwenye telefone imefundisha na anashika gitare muzuri sawa batu, siku ile huyu binti atasimama karibu yangu na ile gitare yake vile anapenda."

"Umesema mbele ya batu, Papa," nilimwambia.

"Nimesema mbele ya batu na mbele ya Mungu."

Papa Mathe akatuangalia sisi wawili, akasema tuombe. Tukaomba. Mimi sikuomba, nilikuwa nasaga meno.

Nyumbani nililigeuza gitaa. Sikutaka mtu aseme sikujaribu. Nikabadilisha nyuzi, nikalishika kama batu, na mikono yangu ikawa ya mgeni, kila kidole kinauliza njia. Shangazi Emérence alivumilia kidogo, kisha akaja kusimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Hii makelele ni ya nini? Ile ingine ilikuwa na kosa gani?"

"Banasema niko nashika vibaya."

"Masikio yangu hayajaona mukono," alisema, akarudi kwenye nati zake.

Nikazirudisha nyuzi zilipokuwa. Kwa nini nigeuze? Wimbo ulikuwa ule ule. Waumini wangesikia kitu gani tofauti wakifumba macho? Kitu pekee kilichokuwa kinyume ni kwamba nilikuwa mwanamke na sikubeba kipaza sauti cha mtu, na hilo lisingenyooka hata ningeshika gitaa kwa miguu.

Asubuhi iliyofuata niliegemeza simu kwenye boksi la breki, nikakaa mbele yake, nikajirekodi. Nilianza na Kiswahili, nikachanganya Kinande pale Kiswahili kilipochoka. "Basi, ndugu zangu, mimi ni Bénite wa Mususa. Kidole cha kwanza kinakaa hapa. Tazama. Narudia. Hapa." Nilisogea karibu kama Papa Jikoni. Paka sikuwa naye, lakini kuku wa jirani alipita. Nikaweka mtandaoni, na kesho yake nikaweka nyingine, na kila mara mteja alipokosekana nikaweka nyingine. Mwishowe nikaufundisha na utangulizi wa matoleo, kipande kwa kipande, vidole vyote nje mchana kweupe, na nikasema: huu umetungwa na Papa Manassé wa Butembo, fundi mkubwa. Sikumnyima jina lake. Nilichomnyima ni ukuta.

Walioandika chini ya video wengi walikuwa wa kunicheka. Dada, umeshika kinyume. Dada, nani amekuroga? Wa kwetu ndio walikuwa wakali zaidi. Lakini kulikuwa na mmoja, Rébecca, mwanamke wa Beni anayeuza samaki wakavu sokoni, ambaye hakuandika, alituma sauti. Nyuma yake nilisikia wateja wanagombania bei.

"Yaya Bénite, dada yangu, wasingya, aksanti! Miye sina mwalimu. Bwana yangu aliacha gitare ku nyumba, naipiga saa ya mchana soko ikilala. Niko nafuata tu vile naona. Ile kipande ya pili, urudie kiloko, kidogo tu, vidole vinakimbia."

Nikakirudia kile kipande cha pili kwa ajili yake, polepole kabisa. Akatuma sauti nyingine, safari hii hakusema kitu, alipiga tu. Ilikuwa safi. Nilimwambia hivyo. Sikuwahi kumwona uso, na haikunijia akilini kumuuliza anashikaje gitaa. Niliamini tu kwamba bila shaka naye anashika kinyume kama mimi, na moyoni iliniuma kidogo, kwamba nimeambukiza watu kosa langu.

Kisha ikaja safari ya Beni. Makanisa yetu hukutanisha kwaya, na mwaka huu zamu ilikuwa ya Beni. Wiki hiyo barabara ilikuwa shwari, tukapanda lori la mbao la Papa Mathe, tukaimba hadi koo zikakauka, vizuizini tukanyamaza, tukaimba tena. Papa Manassé alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa nyuma na wanawake, gitaa kwenye kitenge.

"Unabeba ile ya nini?" aliniuliza Joyeuse, msoprano mwenzangu. "Haukukatazwa?"

"Nilikatazwa kuipiga. Kuibeba nani amenikataza?"

Kanisa la Beni lilikuwa limejaa hadi madirishani. Kwaya ya wenyeji ndiyo iliyoanza. Tulikuwa tumeketi upande, Papa Manassé safu ya mbele na koti lake la kijivu. Wenyeji wakapanga mistari, kisha gitaa likaanza.

Ulikuwa utangulizi wa matoleo. Wa Papa Manassé.

Nilimwona akifumba macho na kutabasamu. Baadaye alikiri kwamba alidhani ni mwanafunzi wake wa zamani aliyehamia Beni, yule aliyemfulia nguo miaka saba. Bibi wa Beni wakaanza kutikisa mabega kama bibi zetu. Halafu akafumbua macho ili amwone huyo mwanafunzi, na tabasamu likamkauka.

Aliyekuwa anapiga alikuwa mwanamke, kitambaa cha njano kichwani, amesimama katikati na uso kwa watu wote. Mkono wa kushoto kwenye shingo ya gitaa, wa kulia kwenye nyuzi. Sawa batu. Hata mkunjo wa kiwiko ulikuwa sahihi. Vidole vyake vyote vilikuwa wazi, mtoto wa dirishani angeweza kuvihesabu.

Nikainuka nusu kitini, kwa sababu nilikuwa nimesikia pia kile kipande cha pili, na pale katikati alivuta uzi mmoja kidogo kabla ya kuuachia. Papa Manassé havuti pale. Anayevuta pale ni mimi, kwa sababu waya wa klachi usipouvuta hausemi vizuri.

Wimbo ulipoisha Papa Manassé hakungoja makofi yaishe. Alikwenda moja kwa moja, sisi nyuma yake, Papa Mathe akijaribu kumshika koti.

"Mama, nani alikufundisha ile?"

"Hakuna mutu, Papa. Ni mu telefone."

"Telefone ya nani?"

"Kuna dada moja ya Butembo, anaitwa Bénite. Anauzishaka vyuma vya moto, vya pikipiki. Miye nilimuweka mbele yangu juu ya gunia ya samaki, nikamuangalia sawa mu kioo. Shingo ya gitare yake iko upande huu, na miye naweka upande huu. Kidole yake hapa, kidole yangu hapa. Hapana shida hata kidogo. Balimu bengine bananivuruga kichwa, kila kitu iko kinyume, lakini huyu..." Hapo akaniona nyuma ya mabega ya watu, na gitaa langu kwenye kitenge. "Lakini si njo huyu! Yaya Bénite!"

Alinikumbatia hadi harufu ya samaki ikahamia kwangu, na sikuona aibu, machozi yalikuwa yananitoka na safari hii sikusingizia vumbi. Ndipo nikaelewa, nikaanza kucheka huku nalia. Nilimwangalia Papa Jikoni kama kwenye kioo, nikatoka kinyume. Rébecca aliniangalia mimi kama kwenye kioo, akatoka sawa. Kama ningemtii Papa Manassé nikageuza gitaa, huyu mwanamke angeshika vibaya kama nilivyoshika mimi.

Papa Mathe alikohoa. "Maestro, ulisema mutu moja tu. Mbele ya batu."

"Na mbele ya Mungu," akaongeza Joyeuse, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Papa Manassé alimwangalia Rébecca, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, kama mtu anayekagua mbuzi sokoni akitafuta kilema. Hakukipata. Nilidhani atasema kitu kikali, na nilikuwa tayari, jibu lilikuwa mdomoni. Lakini aliishia kuuliza kwa sauti ndogo:

"Ile kuvuta pale katikati, nani aliiweka?"

"Ni miye, Papa. Uzi yangu ni ya klachi."

"Haiko mubaya," akasema.

Jina la kwaya yetu likaitwa. Akachukua gitaa lake, akapiga hatua, akasimama, akazungumza bila kuniangalia.

"Bénite. Nilisema, basi nimesema. Panda na ile gitare yako. Lakini hapana ngoja nigeuke."

"Na weye Papa, hapana ngoja nigeuze gitare."

Tukapanda. Yeye akasimama mahali pake, uso ukutani, mgongo kwa Beni nzima. Mimi nikasimama kando yake, bega karibu na bega, uso kwa watu. Nikaona Papa Mathe amekunja shingo upande mmoja, kisha Joyeuse, kisha safu nzima ya mbele ya kwaya yetu, wote wanatuangalia kama wanaotafuta kosa na hawalioni. Nikashusha macho nione wanachokiona. Shingo za magitaa yetu mawili zilikuwa zimeelekea upande mmoja, sambamba, kama vijiti vilivyopangwa na mtu mmoja.

Kati yetu wawili kulikuwa na mmoja aliyegeuka kinyume, na si mimi. Nikanyoosha shingo, nikamtazama Rébecca pale chini na kitambaa chake cha njano, nikaanza kupiga.